Mboga za Usambara na Mchuzi wa Kihindi: Mfinyanzi Asilie Gaeni

Leo hatutazungumza juu ya mbolea, wala matuta ya kukinga maji. Leo tunaingia jikoni. Nawe baba usiondoke ukasema kwamba mambo ya jikoni ni ya akina mama peke yao. Jambo lenyewe linaanzia shambani kwako, linapita mfukoni mwako, na linaishia katika sahani ya mtoto wako.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Anafinyanga vyungu vizuri, vyote vinakwenda sokoni, na yeye mwenyewe anakula katika kigae. Hebu tazama magari yanayoteremka kutoka Lukozi, Malindi na Mlalo. Yanapita Lushoto, yanapita Soni, yanashuka kona kwa kona mpaka Mombo kwenye barabara kuu. Yamejaa kabichi, karoti, koliflawa, njegere, viazi mviringo, pilipili hoho na nyanya. Kesho yake mboga hizo ziko Tanga mjini au Kariakoo, Dar es Salaam. Je, yule aliyezilima alikula nini jana usiku? Mara nyingi alikula ugali na maharage ya chumvi, au makande, na pembeni majani machache yaliyochemshwa mpaka rangi yake ikapotea. Koliflawa haikufika jikoni kabisa. Karoti walizitafuna watoto mbichi, zile zilizovunjika ambazo mnunuzi alizikataa.

Na siku bei inapoanguka, au lori lisipofika? Hapo ndipo utaona kabichi nzuri zinapewa ng'ombe, na nyingine zinaozea shambani. Mwenye shamba analia kwamba amepata hasara, na huku nyumbani kwake watoto wanakula ugali na chumvi.

Ukimwuliza mama mwenye nyumba, "Mama, mbona koliflawa hupiki?" atakujibu, "Aa, ile ni ya wazungu na mahoteli. Nikiichemsha hainogi, na watoto hawaigusi." Mama huyu anasema kweli. Koliflawa iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu hainogi. Lakini tusiilaumu koliflawa, tuyalaumu mapishi. Wako watu waliojifunza zamani kuzipika mboga kama hizi, bila nyama wala samaki, na familia nzima ikashiba na kulamba vidole. Watu hao ni Wahindi. Basi leo tutajifunza kutoka kwao.

KWA NINI MAPISHI YA KIHINDI?

Wengi wa Wahindi waliokuja Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kachchh, sehemu za magharibi ya Bara Hindi. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, na mji wa Lushoto wakati huo uliitwa Wilhelmstal. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka katika miji ya reli na hata huku milimani. Miongoni mwao wako ambao dini yao inawakataza nyama, yaani Wajaini na Wahindu wengi. Kwa watu hao mboga na nafaka za jamii ya kunde si kitoweo cha siku ya shida. Ndicho chakula chenyewe, sikukuu na siku za kazi. Mtu akila mboga kila siku maisha yake yote, hana budi kujua namna ya kuzitia ladha.

Tena mapishi haya si mageni kwetu kama unavyodhani. Chapati unaila. Sambusa unaila. Bajia na achari unazijua. Pilau ya harusi haikamiliki bila bizari. Watu wa pwani wamechanganya mapishi ya Kihindi na ya kwao kwa karne nyingi, mpaka hatukumbuki tena kipi kilitoka wapi.

Jambo jingine ni hili. Hata mboga zenyewe kwa Wahindi zilikuwa wageni. Nyanya, viazi mviringo na pilipili kali asili yake ni Amerika, nazo zilifika India kwa vyombo vya Wareno. Koliflawa ilipelekwa huko na Waingereza katika karne ya 19. Wahindi hawakusema, "Hii ni ya wazungu." Waliichukua, wakaitia manjano na tangawizi, wakaifanya yao. Nasi huku Usambara tulipokea mboga hizi wakati wa ukoloni, tukajifunza kuzilima vizuri sana. Lakini tulijifunza nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, yaani kuzipika, tuliwaachia wanunuzi.

SHIDA YENYEWE

Wengine mtakumbuka mwaka 1975, redio ya taifa ilipoendesha kampeni ya "Chakula ni Uhai". Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana juu ya chakula bora. Miaka mingi imepita, na shida haijaisha. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Kudumaa maana yake mtoto ni mfupi kuliko umri wake, kwa sababu mwili ulikosa chakula cha kutosha na chenye kila aina inayotakiwa, au uliuguauugua mno. Akili yake nayo hucheleweshwa, na darasani huachwa nyuma.

Sasa sikiliza ajabu. Mikoa iliyoongoza kwa kudumaa ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo si mikoa ya njaa. Ni mikoa inayotoa mahindi mengi ya kulisha nchi. Basi ni dhahiri kwamba ghala lililojaa si dawa ikiwa chakula ni cha namna moja tu. Somo hilo linatuhusu sana sisi wa milima ya Usambara, ambao tuna kila namna ya mboga lakini tunaziona zikipita mlangoni zikienda sokoni.

VIUNGO VINATOKA WAPI?

Utasema, "Viungo ni ghali, tutavipata wapi?" Vingine viko mlangoni petu. Upande wa mashariki wa milima hii hii, huko Amani na vijiji vya Muheza, hulimwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Amani ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakajaribu mimea mingi iliyotoka nchi za mbali. Tangawizi hulimwa kwa wingi milima ya jirani, kule Same. Manjano hutoka Unguja na kwingineko. Vitunguu na vitunguu saumu huna haja ya kuambiwa.

Giligilani unaweza kuipanda mwenyewe, maana inapenda hali ya baridi kama ya Lushoto. Viringishe mbegu chini ya chupa mpaka kila moja ipasuke vipande viwili, kisha uzipande kwa mstari bila kuzizamisha sana. Kwa muda wa wiki 6 hivi utaanza kuchuma majani. Baadhi ya miche iache izae mbegu, nazo ndizo za kusaga.

Hapa tusichanganye majina, maana kila mahali wanaita tofauti. Manjano ni ile mizizi ya rangi ya njano, ambayo wengine huiita bizari ya manjano. Bizari nyembamba ni mbegu ndogo ndefu za kutia katika pilau, ambazo dukani huitwa pia jira. Tena bizari si pilipili! Watu wengi wanaogopa mchuzi wa Kihindi wakidhani lazima uwashe. Ukali ni wa pilipili peke yake, nawe unaweza kuiacha kabisa, hasa kwa ajili ya watoto.

Haya, tutengeneze bizari yetu ya kuweka akiba. Chukua:

Mbegu za giligilani, vijiko 4 vya chakula.
Bizari nyembamba, vijiko 2 vya chakula.
Pilipili manga, kijiko 1 cha chai.
Iliki, punje 6.
Karafuu, 6.
Mdalasini, kipande cha urefu wa kidole.

Weka kikaango juu ya moto mdogo, bila mafuta. Mimina viungo, ukoroge bila kuacha kwa dakika 3 au 4, mpaka harufu ijae jikoni. Viondoe kabla havijawa vyeusi, kwa sababu vikiungua mchuzi utakuwa mchungu. Acha vipoe, uvitwange katika kinu na kuchekecha. Mwisho tia kijiko 1 cha chakula cha manjano ya unga. Weka katika chupa kavu yenye kifuniko, mahali pasipo jua. Kijiko kimoja kikubwa kinatosha sufuria ya watu 6, kwa hiyo chupa moja itakwenda siku nyingi.

NJIA YA MCHUZI, HATUA KWA HATUA

Siri ya mapishi haya ni mpangilio. Wengi wetu tunatia kila kitu katika maji kwa pamoja, tunafunika, tunasubiri. Bizari ikitiwa katika maji inabaki na ladha ya vumbi. Ladha nyingi ya viungo hutoka katika mafuta ya moto. Kwa hiyo fuata hivi.

Kwanza, pasha moto mafuta vijiko 3 vya chakula. Tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba nzima. Itaanza kuchachatika. Usingoje mpaka iwe nyeusi.

Pili, tia vitunguu 2 vilivyokatwa. Usiwe na haraka hapa. Vikaange dakika 10 kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya kahawia. Vitunguu ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito na utamu wake.

Tatu, tia vitunguu saumu punje 4 na tangawizi kipande cha kidole gumba, vyote vimetwangwa. Koroga dakika moja.

Nne, tia kijiko cha chakula cha ile bizari yako, pamoja na maji kidogo tu, yasizidi vijiko 2, ili isiungue. Koroga nusu dakika.

Tano, tia nyanya 3 zilizokatwa na chumvi. Pika mpaka nyanya zivurugike na uone mafuta yamejitenga pembeni ya sufuria. Hiyo ndiyo alama. Mafuta yasipojitenga, bado.

Ukifika hapo, una kianzio cha mchuzi wa kila namna. Mboga utakayotia ndiyo itakayoupa jina.

KOLIFLAWA NA VIAZI

Hiki ni chakula kinachopikwa katika nyumba nyingi sana za Kihindi. Gawanya koliflawa moja ya wastani katika vishada vidogo. Iloweke katika maji ya chumvi dakika 10, wadudu waliojificha watatoka. Menya viazi 4, uvikate vipande vinavyolingana na vile vishada.

Tayarisha kianzio kama tulivyoeleza. Tia viazi kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyochelewa kuiva. Geuza, tia maji nusu kikombe, funika dakika 8. Kisha tia koliflawa, geuza tena, ufunike kwa dakika 10 juu ya moto mdogo. Usiongeze maji kama hayahitajiki, maana mvuke wa mboga yenyewe unatosha. Koliflawa iive lakini isivurugike. Mwisho nyunyiza majani ya giligilani yaliyokatwa. Ule kwa chapati, wali au ugali. Naam, hata ugali.

KABICHI, KAROTI NA NJEGERE

Hii ni mboga kavu, haina mchuzi, na inaiva upesi. Inafaa sana siku ambayo kabichi hazina bei. Kata nusu ya kabichi nyembamba. Kata karoti 3 vijiti vidogo. Pata kikombe kimoja cha njegere mbichi.

Pasha mafuta vijiko 2 vya chakula, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba au mbegu za haradali. Haradali zitaruka, basi shika kifuniko mkononi! Zikitulia tia manjano nusu kijiko cha chai, njegere na karoti, na maji robo kikombe. Funika dakika 5. Tia kabichi na chumvi, koroga kwa dakika 5 hadi 7 bila kufunika. Epua kabichi ingali inakatika kwa meno. Mwisho kamulia ndimu.

Kuna sababu ya kutoichemsha kabichi nusu saa. Vitamini C haivumilii moto mrefu, na sehemu yake kubwa huingia katika maji. Ukimwaga maji yale, umeimwaga. Karoti nazo zina chembechembe za njano ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho na kukinga maradhi. Mwili huzipokea vizuri zaidi zikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kwa hiyo yale mafuta si anasa, yana kazi yake.

MAHARAGE YA KUUNGA NA SPINACHI

Mkulima wa Usambara bila maharage si mkulima wa Usambara. Nao Wahindi wanayo maharage yao mekundu, pia dengu, choroko na mbaazi. Wanayachemsha kwanza, kisha wanayaunga. Neno hili kuunga unalijua, sivyo? Basi ni lile lile, ila viungo vimeongezeka.

Loweka vikombe 2 vya maharage usiku kucha, umwage maji ya kulowekea. Yachemshe kwa maji mapya, mwanzoni kwa moto mkali, mpaka yalainike kabisa. Maharage yaliyolowekwa yanaiva upesi, na kuni zinapungua. Ukipunguza kuni jikoni, umeipunguzia mzigo misitu yetu ya Magamba na Shagayu, pamoja na mgongo wa anayekwenda kuzitafuta. Angalia, usitie nyanya wala ndimu kabla maharage hayajalainika. Ukali wake unayafanya yakae magumu muda mrefu.

Yakiiva, tengeneza kianzio pembeni, ukimimine katika maharage. Ponda ponda kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Tia fungu moja la spinachi au mchicha uliokatwa, chemsha dakika 5, epua. Ndimu itiwe mezani. Ile ndimu pamoja na nyanya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na majani. Madini hayo huongeza damu, nayo yanahitajiwa sana na mama mjamzito na mtoto.

Hapa nina neno kwa watu wa Bumbuli na wote wanaopenda chai. Chai ni zao letu, tuinywe. Lakini usiinywe pamoja na chakula hiki, maana inauzuia mwili kupokea yale madini ya chuma. Ngoja saa moja baada ya kula, kisha jimiminie.

BIRINGANYA LA KUCHOMA

Kama mafuta ni kidogo, hiki kinakufaa. Chukua mabiringanya 2 makubwa, uyatoboe kwa kisu mahali pawili patatu yasije yakapasuka. Yaweke juu ya makaa, uyageuze mpaka ganda liungue na ndani kuwe laini. Yamenye, uyaponde. Kaanga kitunguu kimoja, saumu na nyanya mbili kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, tia bizari kijiko cha chai na chumvi, kisha tia biringanya, ukoroge dakika 5. Harufu ya moshi ndiyo utamu wake. Pembeni weka bakuli la maziwa ya mgando yaliyochanganywa na tango lililokatwa na chumvi kidogo.

ACHARI YA KAROTI

Siku soko limejaa, zile karoti ndogo na zilizopinda usizitupe. Chukua kilo moja, uzioshe, uzikate vijiti, uzipake vijiko 2 vya chakula vya chumvi, na kuzianika juu ya chano safi siku moja zinyauke. Zifunike kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Chemsha siki pamoja na manjano, mbegu za haradali zilizopondwa, uwatu kidogo na pilipili kwa kadiri unavyopenda. Panga karoti katika chupa zilizochemshwa na kukaushwa, umimine siki mpaka izifunike zote kabisa. Funga, weka mahali pa baridi pasipo jua. Baada ya wiki moja onja. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu na safi kila mara. Ukiona ukungu au povu, au harufu imebadilika, tupa, usijaribu kuokoa.

MAMBO YA KUANGALIA

La kwanza ni dawa za wadudu. Sote tunajua jinsi mboga za biashara zinavyopigwa dawa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zimeandikwa katika karatasi ya chupa au pakiti. Kama huzielewi, mwulize Bwana Shamba. Usichume mboga ya kula nyumbani, wala ya kuuza, kabla ya siku hizo kwisha. Mlaji wa Kariakoo naye ni mtoto wa mtu. Kuosha kwa maji mengi ni lazima, lakini kuosha peke yake hakuiondoi dawa iliyopigwa jana.

La pili ni mtoto mchanga. Akitimiza miezi 6 aendelee kunyonya, na aanze chakula kingine. Kabla hujatia pilipili, mtolee viazi, karoti na maharage kidogo kutoka sufuria, uviponde vilainike. Chumvi iwe kidogo mno. Bizari chache hazimdhuru, ila usianze kwa nyingi.

La tatu ni kupima kidogo kidogo. Usitie bizari vijiko vitatu ukidhani utamu utazidi mara tatu. Mchuzi utakuwa mchungu, watoto wataukimbia, nawe utasema Bwana wa redio alitudanganya.

KAPU LA KWANZA

Sasa tumejua kupika. Lakini mapishi haya yote ni bure ikiwa mboga inaondoka shambani yote na kupakiwa. Na hapa, baba, nataka tusemezane wawili.

Katika nyumba nyingi mama anapalilia, anamwagilia na kuvuna pamoja nawe. Siku ya kuuza, mnunuzi anakuja, bei inakubaliwa, na vinafungwa viroba vya lumbesa mpaka juu. Kinachobaki kwa ajili ya nyumbani ni kile kilichokataliwa. Jioni mama anaulizwa, "Mbona mboga ni ile ile?" Aipate wapi nyingine?

Basi tubadilishe utaratibu. Kapu la kwanza liwe la jikoni. Kabla ya kuhesabu tenga hata moja la mnunuzi, chuma kapu moja la mchanganyiko, yaani kabichi, karoti, njegere na majani, liende nyumbani. Huo si upotevu. Jiulize mwenyewe, kapu moja lingeongeza shilingi ngapi katika mzigo wa lori zima? Kisha uhesabu ni shilingi ngapi zinakwenda dukani kununua kitoweo, na ngapi zinakwenda zahanati mtoto akiugua. Zipige hesabu hizo mbili na mama watoto, mkiwa mmekaa pamoja, mtaona.

Kama shamba lako lina zao moja tu, kwa mfano kabichi tupu, tenga matuta mawili karibu na nyumba kwa ajili ya jikoni. Tuta moja la karoti na giligilani, jingine la spinachi na vitunguu saumu. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanatosha kuyamwagilia wakati wa kiangazi. Na kama jirani yako ana njegere nawe una koliflawa, badilishaneni. Hakuna haja ya fedha hapo.

Akina mama mlio katika vikundi, kazi yenu ni rahisi kuliko ya mtu mmoja. Nunueni viungo kwa pamoja, mkaange na kutwanga siku moja, mgawane chupa. Mtu mmoja alete koliflawa, wa pili viazi, wa tatu mafuta. Mpike sufuria moja, muonje, mkosoane. Anayeshindwa kupata alama ya mafuta kujitenga ataioneshwa na mwenzake, maana jambo hilo kuliona kwa macho ni bora kuliko kulisikia.

Ndugu mkulima, kwa leo tunaishia hapa. Jioni hii jaribu sufuria moja tu, ile ya kabichi na karoti, kwa kuwa inataka vitu vichache. Kama watoto watamaliza, kesho jaribu koliflawa. Na lori likija wiki ijayo, limkute dereva wenu ameketi kusubiri kidogo, wakati kapu la kwanza linapelekwa jikoni.

Kazi njema, na chakula chema.